Karai la Edo, Karai la Sultan Hamud

Tempura ni kipande cha samaki, cha kamba wa baharini au cha mboga kilichochovywa katika rojo jepesi la unga wa ngano, yai na maji baridi, kisha kikakaangwa kwa muda mfupi katika mafuta mengi. Katika mitaa ya kifahari ya Tokyo kama Ginza, chakula hiki kina mikahawa yake maalumu isiyopika kitu kingine. Wateja wachache hukaa mbele ya kaunta ya mbao, na mpishi hukaanga hapo hapo wakimtazama. Kila kipande huwekwa juu ya karatasi nyeupe mbele ya mteja mara kinapotoka mafutani, naye hutarajiwa kukila papo hapo. Huanza kamba, hufuata samaki wadogo weupe na mboga za msimu, kisha mkunga wa baharini, na mwishoni huja mchanganyiko wa vipande vidogo vilivyokaangwa pamoja, pamoja na wali na supu. Kiungo ni chumvi kidogo, au mchuzi mwepesi wenye figili nyeupe iliyokunwa. Katika mikahawa ya juu, chakula cha jioni cha mtu mmoja hupita yeni 20,000.

Kasikeu hakuna mkahawa wa namna hiyo. Ni wadi ya eneo bunge la Kilome, kaunti ya Makueni katika Ukambani wa Kenya, nchi ya vilima na ukame inayoteremkia uwanda ambako reli ya zamani na barabara ya Mombasa hupita soko la Sultan Hamud. Ufundi wenyewe, hata hivyo, si mgeni upande huu. Anayechovya kiazi katika rojo la unga na kukitumbukiza katika karai la mafuta kando ya barabara hiyo anafanya kazi ile ile anayoifanya mpishi wa Ginza, ingawa kwa unga mwingine na kwa bei isiyokaribiana hata kidogo. Mapishi haya mawili yalipitia njia za bahari zilizokutana, kisha moja likapandishwa hadi kaunta ya matajiri na jingine likateremshwa hadi kituo cha matatu. Sababu za tofauti hiyo ni moto, mafuta, reli na sheria. Ladha haikuamua mengi.

Habari inaanza na Wareno. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498, akavuka hadi India. Mwaka 1510 Wareno waliiteka Goa, na mji huo ukawa makao ya mtawala wao wa mashariki yote. Kapteni wa Mombasa, ambako ujenzi wa Ngome ya Yesu ulianza mwaka 1593, alipokea amri kutoka Goa. Merikebu za biashara ya Japani nazo ziling'oa nanga Goa, zikapita Malaka na Macau. Wareno wa kwanza walifika Japani mwaka 1543, na kuanzia mwaka 1571 bandari yao kuu huko ikawa Nagasaki. Kwa hiyo kwa miongo kadhaa, Mombasa na Nagasaki zilikuwa ncha mbili za mtandao mmoja wa mabaharia, mapadri na wapishi.

Wakatoliki hao walikuwa na siku nyingi za kujinyima nyama, na siku hizo walikula samaki na mboga. Ureno hadi leo hukaanga maharagwe mabichi ndani ya rojo la unga, na wanahistoria wengi wa chakula huona hapo ndipo ilipo asili ya tempura. Wajapani walikuwa na namna zao za kukaanga zilizotoka China, lakini mafuta yalikuwa adimu na yalitumika zaidi kuwashia taa. Rojo zito la ngano na yai lilikuja na wageni wa Nagasaki. Mwaka 1639 watawala wa Japani waliwafukuza Wareno kabisa. Karai lao lilibaki.

Kukaanga kwenyewe kulikuwa jambo la wakubwa mwanzoni. Tokugawa Ieyasu, aliyeweka msingi wa utawala ulioiongoza Japani kwa zaidi ya miaka 250, alikula samaki aliyekaangwa kwa mafuta mapema mwaka 1616, akaugua tumbo, na akafa miezi kadhaa baadaye. Watu wamependa kusema kwamba aliuawa na tempura, lakini madaktari wa baadaye wamefikiria zaidi saratani ya tumbo, na samaki yule huenda hakuwa na rojo lolote. Kisa hiki kinafaa kwa jambo moja tu, nalo ni kuonyesha kwamba wakati huo mafuta ya kukaangia yalikuwa anasa ya jumba la mtawala.

Karne moja na nusu baadaye mambo yalikuwa yamegeuka. Edo, mji ulioitwa Tokyo kuanzia mwaka 1868, ulikuwa umejaa mafundi, wachukuzi na vibarua waliohitaji chakula cha haraka. Kilimo cha mbegu za mafuta kilikuwa kimeenea na bei ya mafuta ikashuka. Ghuba ya Edo ilitoa kamba na samaki wadogo kwa wingi. Nyumba za mji huo zilikuwa za mbao na karatasi, na moto wa mwaka 1657 uliokuwa umeteketeza sehemu kubwa ya mji na kuua makumi ya maelfu ya watu haukusahaulika. Kukaanga kwa mafuta mengi ndani ya nyumba kulihesabiwa hatari na kukakatazwa. Tempura ikatoka nje. Iliuzwa kwenye vibanda vya kubebeka, kando ya mito na madaraja, ikiwa imetungwa kwenye vijiti, kwa sarafu chache za shaba. Mteja alichovya kijiti chake katika bakuli la mchuzi lililotumiwa na wote, akala wima, akaenda zake. Michoro ya enzi hiyo inaonyesha wapiganaji wa tabaka la samurai wakificha nyuso kwenye vibanda hivyo, kwa maana haikuwa heshima kwa mtu wa cheo kuonekana akila pamoja na wachukuzi. Mkazi yeyote wa Nairobi aliyewahi kumwona mtu wa suti na tai akila mutura gizani anaielewa michoro hiyo bila kufafanuliwa.

Kupanda daraja kulikuja taratibu. Tangu karne ya 19 baadhi ya wapishi walianza kuitwa kwenye nyumba za matajiri na mikahawa yenye vyumba vya faragha, wakakaanga mbele ya wageni. Baada ya mwaka 1868 maduka ya tempura yenye paa na viti yaliongezeka. Tetemeko la ardhi la tarehe 1 Septemba 1923 liliharibu Tokyo, wapishi wakatawanyika kutafuta kazi kwingine, na tempura ya mtindo wa Edo ikaenea Japani nzima. Mikahawa kadhaa inayojulikana hadi leo ilianza miaka hiyo: Tsunahachi wa Shinjuku mwaka 1924, na Ten-ichi wa Ginza mwaka 1930. Charlie Chaplin alipozuru Japani mwaka 1932 alizipenda mno tempura za kamba, na magazeti ya huko yakamfuata hadi mezani. Kibanda cha vibarua kilikuwa kimekuwa mahali pa kumpeleka mgeni mashuhuri. Kitabu cha Michelin cha kupima mikahawa kilipotoa toleo lake la kwanza la Tokyo mwishoni mwa mwaka 2007, tempura ilihesabiwa miongoni mwa sanaa za juu za upishi. Mpishi Fumio Kondo, aliyejifunza kazi katika hoteli moja ya Kanda kabla ya kufungua mkahawa wake Ginza mwaka 1991, alijulikana kwa kuzipa mboga heshima iliyokuwa ya kamba peke yake. Kipande kinene cha kiazi kitamu hukaa mafutani kwake kwa takriban nusu saa. Kiazi kitamu! Ukambani kinachemshwa na kuliwa kwa chai.

Upande wa Afrika Mashariki, Wareno hawakuacha tempura. Waliacha mahindi, mihogo, nanasi na pilipili, mazao yaliyotoka Amerika na kubadilisha vyakula vya pwani na vya bara, lakini hawakuacha desturi ya kukaanga ndani ya rojo. Desturi hiyo ilitoka India, na huko ilikuwapo tangu kabla ya Da Gama. Wahindi walisaga dengu, wakaukoroga unga wake kwa maji na viungo, wakachovya vitunguu au majani na kukaanga. Hiyo ndiyo bajia. Pilipili na viazi, vinavyoonekana leo kama moyo wa bajia, vilifika India kwa njia ya Wareno, kwa hiyo mkono wao haukosekani hata humo. Miji ya pwani iliipokea bajia kutoka kwa wafanyabiashara wa Gujarati na Kutch waliokaa Zanzibar, Lamu na Mombasa, kisha ikaigeuza: kunde zilizolowekwa na kusagwa zikachukua nafasi ya dengu, na bajia za kunde zikawa chakula cha jioni na cha futari, zikiliwa kwa chatini ya nazi au ya ukwaju.

Jambo la kushangaza ni kwamba kunde zilikuwa zimejaa Ukambani wakati wote huo, pamoja na mbaazi na choroko, na hakuna aliyezikaanga. Jiko la Wakamba lilikuwa la chungu. Mahindi na maharagwe au kunde zilichemshwa pamoja kuwa isyo. Mahindi yaliyokobolewa kwa kutwangwa yakapikwa kuwa muthokoi. Nyama ilichomwa au kuchemshwa, na mafuta ya ng'ombe na samli yalitumika kuunga chakula na kupaka mwili. Kukaanga kwa mafuta mengi kunataka chombo cha chuma kisichopasuka na mafuta ya kumwaga ovyo, na katika nchi ya ukame hakuna aliyekuwa na hayo. Kutoijua pwani hakukuwa sababu. Misafara ya Wakamba ilishusha pembe za ndovu hadi Mombasa katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, na Kivoi wa Kitui, mfanyabiashara mkubwa aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849, alikuwa na uzoefu mkubwa wa njia hiyo. Waliona karai na walionja vilivyotoka humo. Walirudi nyumbani na nguo, shanga na waya wa shaba, kwa sababu hivyo ndivyo vilivyokuwa na faida.

Karai lilipanda bara kwa reli. Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi mwezi Mei 1899 na ziwa Victoria mwishoni mwa mwaka 1901. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India, karibu 2,500 wakafa, na zaidi ya 6,000 wakabaki Afrika Mashariki kazi ilipokwisha. Chakula chao, yaani mchele, unga, dengu na samli, kililetwa kwa meli na kupandishwa kwa treni hadi ilipokomea reli. Kambi ya maili ya 250 ilipewa jina la Hamoud bin Mohammed, Sultani wa Zanzibar wa kati ya mwaka 1896 na 1902. Hivyo ndivyo soko la jirani na Kasikeu lilivyopata jina la mfalme wa kisiwa kilicho mbali nalo.

Miaka hiyo hiyo Ukambani ulikuwa katika njaa kuu inayokumbukwa kama Ngomanisye. Mvua zilikosekana mfululizo, sotoka ilikuwa imeua ng'ombe, nzige na ndui vikafuatia, na watu wengi sana walikufa kati ya mwaka 1898 na 1900. Mchele na samli vilipita kwenye behewa, na kando ya njia watu walikuwa wakianguka. Baadhi walisogea kwenye kambi na vituo vya misheni kutafuta chochote, na mchele wa India ukawa chakula cha kuokolea maisha. Historia nyingi za mapishi ya Kenya hupenda kusimulia ndoa ya furaha kati ya jiko la Kihindi na la Kiafrika. Kwa watu wa Kasikeu na Makueni, mkutano wa kwanza haukuwa na furaha yoyote.

Baada ya reli yalikuja maduka. Alidina Visram, tajiri wa Kiismaili aliyefariki mwaka 1916, alikuwa na mlolongo wa maduka kutoka pwani hadi Uganda, na wafanyabiashara wadogo wa Kihindi wakafungua yao kwenye vituo kama Makindu, Emali na Sultan Hamud. Waliuza nguo, chumvi, sukari na vyombo vya chuma, wakanunua ngozi na nafaka. Nyuma ya duka palikuwa na jiko, na jikoni palikuwa na karai. Huko Makindu, palipokuwa kituo kikubwa cha mafundi wa reli, Masingasinga walijenga hekalu lao mwaka 1926. Hadi leo hekalu hilo huwapa wasafiri wa dini na kabila lolote chakula bila malipo, chakula kisicho na nyama, na hapo jiko la wajenzi wa reli limebaki wazi kwa umma.

Abiria wa daraja la kwanza walikuwa na historia yao ya kula. Mwanzoni treni hazikuwa na mabehewa ya chakula. Zilisimama Voi na Makindu, abiria wakashuka na kula katika nyumba za wageni za reli, na karibu kila msafiri aliyeandika habari zake alilalamikia chakula hicho. Hata kusafiri hakukuwa salama: mwaka 1900 simba alimvuta afisa wa polisi, Charles Ryall, kutoka ndani ya behewa kituoni Kima, kituo kinachofuata Sultan Hamud kuelekea Nairobi. Baadaye yalikuja mabehewa ya chakula yenye vitambaa vyeupe na vijiko vya fedha, na wahudumu na wapishi wengi walikuwa Wagoa. Hao walikuwa watu wa ile Goa ya Wareno, koloni lililodumu hadi Desemba 1961. Treni ya usiku ya kutoka Mombasa ilipita uwanda wa Sultan Hamud karibu na mapambazuko, na ndani yake mzungu alikuwa akijiandaa kwa kifungua kinywa kilichopikwa na Mgoa. Daraja la tatu, lililojaa Waafrika, halikuruhusiwa kwenye behewa hilo. Lilinunua chakula dirishani, na huenda uuzaji wa dirishani ndio uliofundisha watu wengi wa vituoni kwamba chakula kilichokaangwa, kinachobebeka bila sahani na kisichoharibika upesi, ni biashara.

Biashara hiyo ilihitaji unga na mafuta ya bei nafuu. Kampuni ya Unga ilianzishwa mwaka 1908 kusaga ngano ya walowezi, lakini unga mweupe ulibaki ghali kwa mtu wa kijijini kwa miaka mingi. Mafuta ya mgando ya kiwandani, hasa Kimbo na Cowboy za kampuni ya East Africa Industries, yalienea hadi maduka ya vijijini katika miongo ya baada ya Vita Kuu ya Pili, na baadaye sana yakaja mafuta ya maji yanayouzwa kwa kupimwa, yanayomwezesha mtu asiye na pesa ya chupa nzima kukaanga siku hiyo. Viazi vilishuka kutoka nyanda za juu kwa lori. Barabara ya Mombasa ilipotiwa lami katika miaka ya 1960, malori na mabasi yalichukua abiria na mizigo ya reli, na wauzaji wakahama kutoka jukwaa la kituo hadi ukingo wa lami.

Sheria nayo ilikuwa na mkono. Sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967 iliwazuia wasio raia wa Kenya kufanya biashara katika maeneo mengi nje ya miji mikubwa, na familia nyingi za Kihindi zikafunga maduka ya vituo vidogo. Baadhi zilikwenda Nairobi, nyingine Uingereza. Katika barabara ya Ealing Road huko Wembley, London, mkahawa wa Maru's Bhajia House, ulioanzishwa miaka ya 1970 na familia iliyotoka Kenya, bado huuza bajia za viazi kwa mtindo wa Nairobi. Kwenye vituo vya Ukambani waliobaki na karai walikuwa Wakamba wenyewe, wengi wao wanawake. Mandazi na chapati zilitangulia, kisha samosa, bajia na viazi karai vya kutoka pwani, vyenye rojo la manjano na pilipili ya maji pembeni.

Tempura yenyewe ilifika Kenya kwa njia ya hoteli. Nairobi ilipata mikahawa ya Kijapani iliyohudumia wanadiplomasia, wafanyabiashara na watu wa mashirika ya misaada. Akasaka, uliokuwa katika hoteli ya 680 katikati ya mji, ulijulikana kwa miaka mingi, na mingine ikafunguliwa pande za Westlands na Kilimani. Humo tempura ni sahani moja kati ya nyingi, kando ya sushi na nyama ya kukaangwa mezani, na huletwa na mhudumu kutoka jikoni. Kaunta ya Ginza, ambako mtu mmoja amesimama mbele ya sufuria moja kwa maisha yake yote ya kazi, haikusafiri. Inategemea wateja wa kutosha walio tayari kulipia chakula cha aina moja tu, na samaki wa asubuhi hiyo hiyo. Kamba wa ghuba ya Ungwana, kaskazini mwa Malindi, wangetosha kwa ubora. Wateja ndio hawatoshi.

Kwa upande wa ufundi, umbali kati ya Ginza na Sultan Hamud ni mdogo kuliko bei zinavyodai. Mpishi wa tempura hutumia maji ya baridi na hakorogi sana, ili unga usinate. Hupima joto la mafuta kwa kudondosha tone la rojo na kusikiliza linavyolia. Muuzaji wa bajia naye hudondosha tone na kutazama linavyopanda. Tofauti kubwa iko kwenye mafuta, yanayobadilishwa mara kwa mara kule na kurudiwa hadi yaingie weusi huku, na kwenye muda. Tempura ya kaunta hupoteza thamani ndani ya dakika chache, ilhali bajia ya barabarani lazima istahimili kukaa kwenye kabati la kioo hadi basi lije. Ndiyo maana rojo lake ni zito na lina viungo vikali. Kulidharau kwa hilo ni kutolielewa.

Tarehe 31 Mei 2017 treni ya reli mpya ya kisasa, SGR, ilizinduliwa, na huduma ya abiria ya reli ya zamani kati ya Mombasa na Nairobi ikakoma mwaka huo. Katika upande huu wa Makueni treni ya abiria sasa husimama Emali, Kibwezi na Mtito Andei. Sultan Hamud haimo katika orodha hiyo, na wauzaji wake wa vyakula vya kukaanga hutegemea barabara peke yake.